Buni Aliyoitafuna Felicitas

Ijumbi yote ilijua kwamba Ma Felicitas hatafuni buni, na watu hawakuacha kulizungumza, maana kwa Wahaya hilo si jambo la kupita hivi hivi. Mgeni akiingia nyumbani, hata kabla hajaulizwa habari za alikotoka, husogezewa akaibo, kale kakapu kadogo kenye buni zilizochemshwa na majani ya kunukia, zikaanikwa mpaka zikakauka. Huchukua moja au mbili, akazitia mdomoni, na kwa kufanya hivyo huwa amesema: nimekuja kwa amani, ninawaamini. Anayekataa huwa amesema kinyume chake. Kwa hiyo Felicitas alipotikisa kichwa mbele ya akaibo, wenye nyumba mara ya kwanza walikasirika, mara ya pili wakauliza, na mwishowe wakazoea. Wengine walisema ni meno. Wengine walisema aliweka nadhiri kanisani. Mlevi mmoja wa rubisi, pombe ya ndizi, alipenda kusema kwamba Ma Felicitas anaogopa kurogwa, ndiyo maana atakufa mzee sana na peke yake. Mwenyewe aliwaacha waseme. Uongo wao ulikuwa mwepesi kuliko ukweli wake.

Zamani alitafuna kama kila mtu. Aliolewa Buganguzi akiwa msichana, akakaa huko miaka mingi bila mtoto, akanywa dawa za kila namna, akalazwa mpaka hospitali ya Bukoba, na mwishowe mume akamrudisha kwao kwa maneno ya upole. Upole ule ndio uliomuumiza zaidi. Angepigwa, angekuwa na la kusema. Mdogo wake, Privatus, alimjengea nyumba ndogo pembeni ya kibanja chake, shamba la migomba na kahawa waliloachiwa na baba yao. Felicitas alikuwa amesoma kwa masista hadi darasa la nne, na aliweza kusoma gazeti kwa sauti bila kukwama. Siasa ya ujamaa ilipofika, watu wakamchagua kuwa balozi wa nyumba kumi. Wanaume walitania kwamba sasa watatawaliwa na mwanamke asiye na hata paka. Walimchagua hata hivyo.

Kokugonza alikuwa mtoto wa kwanza wa Privatus na mkewe, Benadetha, lakini alilelewa kwa Felicitas kama ilivyo desturi, kwani mambo ya msichana ni ya shangazi. Kwa shangazi alifundishwa kukaa, kupika na kunyamaza panapotakiwa. Kwa shangazi pia alisomea masomo yake, chini ya kibatari, huku Felicitas akimsikiliza kama anayesikiliza mvua ya kwanza. Mwalimu mkuu alikuwa amekwisha kusema kwamba mtoto huyu ataichukua nafasi ya sekondari, hata wasichana wachukuliwe wawili tu.

Mwaka wa 1974, mwaka wa operesheni ya vijiji, mafuta ya taa yalikuwa ya kuvizia. Lori likifika kwenye duka la kijiji, habari zilikimbia kibanja hadi kibanja, na wenye chupa walikimbia nyuma yake. Jioni moja Kokugonza alitumwa na shangazi yake. Muuza duka alikuwa Mwijage, mwana wa mzee Protase, mwanamume mwenye mke na watoto, anayejua kuchekesha watu kwenye mstari. Alimwambia msichana asubiri, chupa yake ataijaza mwisho. Wengine walipokwisha kuondoka, alifunga mlango.

Felicitas alimkuta nyuma ya nyumba, kati ya migomba, akifua gauni lake kwenye maji ya kunyweshea mbuzi. Chupa ya mafuta, imejaa, ilikuwa imewekwa wima pembeni kwa uangalifu. Hakuhitaji kuambiwa mengi. Alichemsha maji, akamwogesha mtoto aliyekwisha kuwa mkubwa wa kuogeshwa, na wakati akimsugua mgongo alimsihi asimwambie mtu yeyote mpaka yeye azungumze na baba yake. Kokugonza alitii. Alikuwa amefundishwa vizuri.

Balozi alipaswa kwenda polisi Muleba. Felicitas alilijua hilo, na usiku ule alikwisha kuamua kwenda. Lakini ukoo wa Privatus na ukoo wa Protase walikuwa ndugu wa kuchanjiana. Babu zao walichanja ngozi, wakapaka buni damu, kila mmoja akatafuna ya mwenzake, na tangu hapo hawakuibiana wala kushitakiana. Kabla ya jua kupanda, mzee Protase, aliyekwisha kuambiwa yote na mwanawe, alikuwa ameketi sebuleni kwa Privatus, kibuyu cha rubisi mbele yake, kofia mapajani. Felicitas aliitwa kama shangazi.

Mzee alizungumza kwa muda mrefu, na hakusema uongo. Alisema mwanawe ni mbwa. Alisema amempiga kwa mkono wake mwenyewe, na kwamba duka halitamkaribia tena mtoto yule wala mtoto yule hatalikaribia duka. Kisha akasema mbwa huyu ni wa nyumba zote mbili, na anayemtoa nje kwa watu anajitoa mwenyewe uchi. Privatus alilia. Kisha akaibo kakaletwa, kakapita kwa Protase, kakapita kwa Privatus, kakafika kwa Felicitas.

Mkono wake ulitangulia akili. Maisha yake yote mkono ule ulikuwa ukienda kwenye akaibo kama unavyokwenda kwenye paji la uso ukifika mlango wa kanisa. Alipokuja kuelewa alichofanya, buni ilikuwa imekwisha kupasuka kati ya meno yake, chungu na yenye harufu nzuri. Mzee Protase alimtazama, akashusha pumzi.

"Asante, waitu," alisema kwa heshima. "Basi limekwisha."

Aliyetafuna kwenye suluhu hafungui tena kinywa juu ya jambo lililosuluhishwa. Akifungua, anaivunja damu ya babu zake, na msiba utakaoingia nyumbani atahesabiwa yeye. Hivyo ndivyo walivyolelewa wote. Nyuma ya ukuta wa matete, Kokugonza alikuwa akimenya ndizi za mchana. Alisikia kila neno.

Halikwisha. Miezi ilipita, na Felicitas, ambaye kwa miaka mingi alikuwa ameziangalia dalili hizo kwenye mwili wake mwenyewe bila kuziona, alizitambua kwa mtoto kabla ya mama yake kuzitambua. Benadetha alipoambiwa alikaa chini, akasema atafutwe mume haraka, mwanamume yeyote aliyefiwa na mke, hata wa mbali. Privatus alikwenda kupalilia kahawa isiyohitaji kupaliliwa.

Kokugonza alikuja kwa shangazi yake akakaa kwenye mkeka, magoti pamoja, kama alivyofundishwa.

"Shangazi, sitaki kitu cha yule mtu kikae ndani yangu."

Alisema amesikia habari za bibi mmoja wa Buganguzi anayetoa mizizi. Felicitas naye alimfahamu bibi huyo, na alimfahamu pia msichana aliyetoka kwake akafa njiani huku amekumbatia tumbo, akazikwa bila kengele. Akamwambia aondoe wazo hilo. Akamwambia kuna madaktari Bukoba, watu waliosomea kazi hiyo, na kuna rafiki yake Mastura pale hospitalini. Kokugonza aliuliza kama daktari atamsikiliza mtoto. Ndipo Felicitas aliposema maneno ambayo baadaye hayakumwacha alale vizuri: "Nitasema mimi."

Waliondoka na lori la kahawa la chama cha ushirika, wakapewa nafasi mbele kwa sababu ya ubalozi wake. Msichana alitapika dirishani, kisha akalala begani kwa shangazi. Mkono wa Felicitas ulikuwa umemzunguka, na kiganja chake, bila yeye kukipeleka, kikawa kimetua juu ya tumbo la mtoto. Wazo likaingia: angezaliwa, nani angemlea? Nalo likajijibu lenyewe. Alilifukuza kama kuku aliyeingia jikoni, akageuza macho kwenye rweya, nyasi kavu zisizo na mgomba hata mmoja. Lakini kuku alikuwa amekwisha kutaga.

Mastura alikaa Hamugembe, kwenye nyumba ya vyumba viwili iliyozungukwa na migomba ya jirani. Babu yake alitoka pwani na misafara, na yeye mwenyewe alikuwa mhudumu wa wodi ya wanawake. Hapo ndipo alipomuuguza Felicitas wakati ule wa kutafuta mtoto. Aliwapokea kwa chai ya mchaichai, akasikiliza yote bila kukatiza, yakiwamo ya akaibo. Kisha akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha.

"Hizo buni zenu, bibi wee. Miaka yote najua watu huzitafuna. Sikujua nazo hutafuna watu."

Alisema kila mwezi anawafuta damu wasichana waliopitia mlango wa nyuma, kwa mizizi na vijiti, na wengine huwafunika shuka mpaka usoni. Huyu apite mlango wa mbele. Daktari aliyepo sasa ni kijana wa Kichaga, mkali, lakini ana moyo. Yeye Mastura atawapeleka. Kazi ya Felicitas ni moja tu.

Daktari aliwaweka kwenye chumba chenye dirisha linalotazama ziwa. Alimpima Kokugonza, akamwambia avae, akavuta kiti chake karibu na Felicitas, akazungumza kama mtu anayetaka kueleweka. Alisema sheria haimpi nafasi kubwa. Inamruhusu kuokoa maisha ya mama, basi. Lakini mbele yake anaona mtoto ambaye nyonga zake hazijakomaa, aliyelazimishwa, na ambaye dakika chache zilizopita amemwambia kwamba akirudishwa kwao hivi alivyo atajitosa majini. Yeye kama daktari anaona maisha ya msichana yamo hatarini, na mwenzake atakubali kutia sahihi. Hata hivyo hawezi kusimama peke yake. Kesho ukoo ukija juu na kusema mtoto alikuwa mhuni na daktari ni muuaji, nani atasimama naye? Anataka mtu mzima wa nyumba ile, mmoja tu, aseme kwamba msichana huyu alilazimishwa.

"Mama, wewe ndiye shangazi, tena balozi," alisema. "Alilazimishwa?"

Kokugonza hakumtazama shangazi yake. Alitazama mikono yake mwenyewe, ametulia, kama mtu ambaye jibu lake liko mahali salama.

Felicitas alifungua kinywa. Akaihisi ile buni kwenye ulimi, chungu kama siku ile. Alimwona Protase akishusha pumzi. Aliwaona babu zake. Alimwona padri Jumapili, akisema juu ya roho zisizo na dhambi. Na nyuma yao wote, mahali ambapo hakutaka kutazama, aliona kitanda kidogo pembeni ya kitanda chake.

"Mimi sikuwapo, daktari," alisema.

Ilikuwa kweli. Hakuwapo. Daktari alingoja aendelee, na Felicitas naye, mtu angesema, alijingoja mwenyewe aendelee. Ziwani ndege walikuwa wakipiga kelele. Mwishowe daktari aliinuka, akamwambia msichana, kwa sauti ya chini, kwamba mlango wake uko wazi. Arudi atakapokuwa na mtu.

Njiani kurudi Hamugembe Kokugonza alitembea mbele. Mastura alipoambiwa hakupiga kelele. Alisema kesho bado ipo, na daktari bado yupo, na ulimi wa Felicitas bado umo kinywani mwake. Felicitas alisema ni lazima kwanza wakazungumze na Privatus, jambo zito halifanywi bila baba. Lilikuwa neno la busara. Mastura alichukua vikombe, akaenda kuviosha. Asubuhi walipanda gari la Muleba.

Msichana hakujitosa. Shule ilimfukuza kabla ya mtihani, kama ilivyokuwa kanuni. Uchungu ulipomshika, uligoma. Wanaume wakambeba kwenye machela hadi hospitali ya misheni, na huko wakampasua. Aliamka akiwa na kovu kutoka kitovuni hadi chini, akaambiwa ni msichana. Akageukia ukutani. Maziwa yalipoanza kutoka alijifunga kitambaa kifuani mpaka yakakauka, na mtoto akanywa maziwa ya mbuzi mikononi mwa Felicitas. Kabla ya mvua za vuli, Kokugonza alikwisha kuhamia Hamugembe kwa Mastura.

Mtoto alibatizwa Georgina. Alikuwa mtoto wa kucheka. Alimwita Felicitas mama, na Kokugonza, aliyekuja mara moja kwa mwaka na sukari kwenye mfuko, alimwita dada. Georgina alijifunza kutembea akishika pindo la kanga ya Felicitas. Alilala kwenye kile kitanda kidogo. Akiugua homa, nyumba yote ilisimama. Hapakuwa na mwanamke Ijumbi aliyependa mtoto kama Felicitas, na hapakuwa na furaha iliyomchoma mtu kama furaha ile. Mtoto akimrukia shingoni alisikia joto, na papo hapo alisikia: hiki umekipataje? Akimtazama usoni, alimwona Mwijage kwenye nyusi. Mwijage mwenyewe sasa alikuwa kiongozi wa kijiji. Wakikutana njiani alivua kofia na kusema, "Shikamoo, balozi," naye aliitika, kwa sababu haiwezekani kutoitika.

Alikwenda kuungama. Aliungama kwamba alimpeleka mtoto kwa daktari kwa nia ya kuiondoa mimba, na padri akampa malipizi, naye akayatimiza. Ile nyingine hakujua aiiteje. Alizipitia amri zote akitafuta mahali pa kuitia, na kila mara ilimponyoka, kwani hakusema uongo, hakuiba, hakuua. Alisema tu kwamba hakuwapo. Kitu pekee alichoweza kujikataza ni buni, na tangu siku ile hakuitia tena mdomoni. Kwa miaka aliwaza kwamba buni ndiyo iliyomfunga kinywa. Siku nyingine, hasa Georgina akiimba kwenye migomba, hakuwa na hakika.

Mwaka Georgina alipoanza darasa la kwanza, Kokugonza alikuja bila kutarajiwa. Alikuwa amevaa gauni la kijani la wahudumu wa wodi. Mastura alikuwa amezeeka, na yeye ndiye aliyeichukua kazi yake. Alisema amepita tu kumwona mtoto katika sare. Georgina alizunguka mara mbili mbele yake kuionyesha sketi. Kokugonza akasema imeshonwa vizuri, na mkono wake ukanyooka kidogo kuelekea kwenye ukosi wa mtoto, kisha ukarudi.

Walikaa kwenye mkeka. Walizungumza habari za wazee, za sabuni isiyopatikana, za ugonjwa ulioshika kahawa ya Privatus. Georgina alikwenda ndani kutafuta akaibo, maana alikuwa amefundishwa vizuri. Kokugonza alitazama mlango aliopitia, kisha akasema, kama anayeendelea na habari za sabuni, kwamba wiki iliyopita alikuja msichana hospitalini kutoka vijiji vya ziwani. Mdogo, hata kifua bado. Baba yake wa kambo. Alikuja peke yake, kwa miguu. Daktari, yule yule, mvi sasa, alimuuliza kama ana mtu mzima wa kwao.

"Alikuwa na mtu?" aliuliza Felicitas.

"Hakuwa naye. Nilikuwa napita na ndoo." Kokugonza alinyoosha gauni lake magotini. "Nikaiweka chini. Nikasema mimi ni shangazi yake. Nikasema alilazimishwa."

Nje kuku alikuwa akichakura majani ya mgomba.

"Daktari alinijua," aliendelea. "Aliniangalia, akaandika. Yule mtoto ametoka hospitali juzi, mzima. Nimempikia uji." Kisha akasema, bila hasira, na hapo ndipo palipokuwa pagumu: "Siku zote nilidhani ni neno zito sana, shangazi. Nikajiambia, labda lingemvunja mtu mgongo. Kumbe ni jepesi. Mtu anayetaka kulisema, analisema."

Felicitas alitaka kutaja akaibo ka mzee Protase. Alitaka kutaja damu ya babu zao, padri, Privatus aliyepaswa kuulizwa kwanza. Yote yalikuwapo, yamepangwa tayari kwa miaka. Lakini Kokugonza alikuwa akitazama kile kitanda kidogo kilichoonekana kupitia mlango wa chumba, chenye mto uliotariziwa maua, naye Felicitas akaona kwamba anayekitazama hahitaji kuelezwa.

Georgina alirudi amekashika akaibo kwa mikono miwili, akapiga goti mbele ya mgeni. Kokugonza alichukua buni moja, akaitafuna. Mtoto akainuka kurudi ndani.

"Mpe na mama yako," alisema Kokugonza.

"Mama hatafuni."

"Najua. Mpe tu."

Georgina alisimama kati yao, akimtazama mmoja, kisha mwingine. Ule mkono uliozoea kutangulia akili safari hii ulikaa pajani kama jiwe. Felicitas alijua anachopewa. Aliyedhulumiwa alikuwa amemsogezea suluhu, mbele ya mtoto mwenyewe, na kilichobaki kilikuwa kutafuna tu na kusema limekwisha. Aliichukua buni moja. Ilikuwa nyepesi sana. Aliizungusha kwenye vidole, akaifikisha karibu na midomo, akaisikia ile harufu, na akajua kwamba akiitafuna atakuwa amechukua kitu kingine tena ambacho si chake.

Akaifunga kwenye pindo la kanga, mafundo mawili. Kokugonza aliona. Aliinuka, akakung'uta gauni, akasema gari halingoji.

Walimsindikiza wote wawili, mtoto katikati, hadi njia panda ya duka. Kila mwaka Kokugonza alipita njia ya chini, ya matopeni, asilione duka lile. Siku hiyo pia alipita njia ya chini.